Abiria wa Kumi na Nane

Nichekeni tu, maana nikijicheka peke yangu kule kwenye fleti yangu ya Bertrams hainogi. Mimi ndiye mtu aliyesimamisha basi zima la watalii mpakani kwa saa moja na dakika arobaini, askari wakimtafuta mke wangu kila mahali mpaka chooni, na mke wangu hakuwa kwenye basi lile. Hakuwa hata kwenye bara lile. Na nilijua.

Ili mnielewe inabidi nianzie hapa hapa Johannesburg. Nilikuja mwaka 2015 kushughulikia kompyuta za ofisi moja pale Marshalltown, na mke wangu Nduku akabaki Nairobi kwa makubaliano kwamba atanifuata nikishapata nyumba. Nyumba nikapata. Akasema nikishanunua vitu vya ndani, nikanunua, mpaka meza ya chakula ya watu sita (hadi leo natumia kiti kimoja, vile vingine naanikia nguo). Baadaye akawa hasemi kitu, nami nikawa siulizi, maana ukiuliza unaweza kujibiwa.

Sasa shida ilikuwa watu wa ushirika wetu wa Jumapili alasiri. Tunasali nyumbani kwa Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu anayesuka nywele kule Hillbrow, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha ghorofa nzima na moyo mkubwa kuliko hiyo sauti. Kila Jumapili, kabla hata sijavua koti, ananiuliza: "Shemeji, dada yetu atakuya lini?" Alishaamua kwamba Nduku ni dada yake, kwa hiyo mimi nikawa shemeji, na ushirika mzima ukaniita Shemeji. Nami kila Jumapili nilikuwa na jibu moja: "Yuko njiani, mama."

Mnalijua hilo jibu. Sisi watu wa Afrika Mashariki tumezaliwa nalo. Mtu yuko bafuni ana povu masikioni, simu ikilia anasema niko njiani, nimebakiza robot moja tu (ndivyo tunavyoziita taa za barabarani huku). Anayeuliza anajua ni uongo, anayejibu anajua kwamba anajulikana, na maisha yanaendelea. Sikuona ubaya wowote. Kumbe wenzangu walikuwa wanaliombea lile jibu. Kila ibada ikifika mwisho Mama Furaha alimkabidhi Mungu safari ya dada yake Nduku, miaka mitatu mfululizo, na mimi naitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Mwaka 2018 ofisi ikanituma wiki moja kwenye mkutano Dubrovnik, mji wa kale wenye ukuta wa mawe huko Kroatia, kando ya bahari. Nikampigia Nduku nikamwambia njoo tukutane huko, hata kama Johannesburg huitaki, huko ni nchi ya watu wengine, tutaanza upya. Akasema, "Nitaona." Mwenzenu kwa "nitaona" hiyo nikaenda kwenye mtandao nikakata nafasi mbili za matembezi ya siku moja na kiongozi wa watalii, kuvuka mpaka kwenda kuona miji ya kale ya Montenegro na kurudi jioni. Bwana na Bibi Musyoka. Nikaandika majina yote mawili, nikayatazama yalivyokaa pamoja, nikafurahi kama mtoto. Jumapili ile nikatangaza ushirikani kwamba tunakwenda wawili, na Mama Furaha akapiga kigelegele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu.

Nduku hakuomba hata viza. Alinitumia ujumbe wa neno moja, "Haitawezekana, pole." Hayo ni mawili, lakini la mwisho silihesabu.

Basi siku ya matembezi ikafika, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nimesimama mlangoni mwa hoteli nimevaa shati nililolipiga pasi mara mbili. Basi likaja, akashuka kiongozi, msichana mrefu anaitwa Ivana, ana karatasi ya majina. Akasoma, "Bwana na Bibi Musyoka?" Nikasema ndiyo. Akatazama nyuma yangu, hakuna mtu. Akauliza, "Na bibi?"

Hapo ndipo ningesema maneno matatu tu, "Niko peke yangu," mambo yakaisha. Lakini nilitazama ndani ya basi nikaona wamekaa wawili wawili, wazee wameshikana mikono, vijana wamelaliana mabegani, na mdomo wangu ukajijibia wenyewe, kwa mazoea ya miaka mitatu: "Yuko njiani."

Ivana akaweka alama kwenye majina yote mawili. Mzungu ukimwambia mtu yuko njiani, yeye anaamini kwamba mtu yuko njiani, anatembea kwa miguu yake, anakuja. Mara simu yake ikalia, watu wa hoteli ya pili walikuwa wanalalamika kwamba tumechelewa, akageukia mbele kuwatuliza, mimi nikapanda nikakaa, mlango ukafungwa, basi likaondoka. Nikajiambia kwamba atagundua mwenyewe na atafuta jina kimyakimya, nami sitalazimika kusema. Nikaweka koti langu kwenye kiti cha pembeni.

Tulipochukua watu wa hoteli nyingine, akapanda bibi mmoja Mjerumani na mumewe, goti linamsumbua, akaniuliza kwa upole kama kile kiti kina mtu, apate pa kunyoosha mguu. Nikamwambia kina mtu. (Nimejiuliza mara nyingi ni shetani gani alikuwa amenikalia siku ile, bibi wa watu na goti lake!) Akaenda kubanana kiti cha mbele yangu. Njiani tukasimama kituo cha mafuta dakika ishirini kunywa kahawa, tukapanda tena, na Ivana akauliza kwa kipaza sauti, "Kila mtu ana mwenzake?" Basi zima likaitikia ndiyo. Nami niliitikia.

Mpakani akakusanya pasi za kusafiria. Majina kumi na nane, pasi kumi na saba. Akazihesabu tena, akaja mpaka kwangu.

"Bwana Musyoka, nahitaji pasi ya bibi."

"Anayo mwenyewe," nikasema.

Sijui kwa nini. Walahi sijui. Uongo ukishaota mizizi unakunywa maji yenyewe. Akauliza bibi yuko wapi, nikasema nadhani kaenda nyuma. Akaenda nyuma, akarudi, akashuka akaenda chooni, na kutoka ndani ya basi nikamsikia anagonga mlango wa choo cha wanawake huku anaita, "Missis Nduku! Missis Nduku!" Jina la mke wangu likapaa juu ya magari na malori ya nchi ya watu. Kwa miaka mitatu hakuna aliyeliita jina hilo akitegemea kweli kuitikiwa.

Askari akapanda, akatuhesabu kwa kidole. Kumi na saba. Akahesabu kuanzia nyuma. Kumi na saba. Nyuma yetu mabasi mengine yalianza kupiga honi. Sasa watu ndani wakaanza kunihurumia, mmoja ananipa maji, mwingine ananipiga bega, na ndipo yule bibi Mjerumani akasimama na goti lake akasema mke wangu ameachwa kituo cha mafuta! Kwamba alimwona kwa macho yake mawili, mwanamke Mwafrika, mzuri, amejifunga kitambaa chekundu kichwani, alikuwa anachagua kadi za posta. Aliapa. Nami badala ya kukana, jamani, nilitaka kumuuliza alikuwa anaonekanaje, kama amenenepa, kama alikuwa na furaha.

Ivana akapiga simu kituo cha mafuta. Dereva akawasha injini ageuze turudi. Askari akaita mwenzake kwenye redio, yule mwenzake akaja, mtu mzima mwenye masharubu, naye hakuwa na haraka wala huruma. Alinitazama muda mrefu. Nadhani aliona kitu ambacho wengine hawakukiona, kwamba mume aliyepoteza mke hakai ametulia vile. Akanishusha. Basi zima likahamia madirisha ya upande wetu, na wote walikuwa wameyafungua. Akauliza kwa lugha yao, na Ivana akanitafsiria.

"Anauliza, mara ya mwisho kumwona mke wako ilikuwa lini?"

Swali dogo. Ningeweza kutaja hoteli, ningeweza kutaja kile kitambaa chekundu. Lakini tayari basi lilikuwa linataka kurudi nyuma kumtafuta, simu zinapigwa, na nikaona nisiposema sasa watapeleka mbwa.

"Desemba," nikasema. "Ya mwaka juzi. Uwanja wa ndege, Nairobi."

Ivana hakutafsiri. Alinikazia macho mpaka yule wa masharubu akamsukuma kiwiko, ndipo akasema, kwa sauti ndogo. Nikasikia madirishani mtu anamnong'oneza mwenzake. Askari naye hakuridhika (na simlaumu, mwanamume ana jina la mke kwenye karatasi, mke hayupo, na ameshadanganya mara nne). Akaonyesha simu yangu, nimpigie, mbele yake, na sauti itoke nje.

Ikaita mara sita. Ikapokelewa.

"Haloo, nani?"

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

Alikuwa na namba yangu miaka yote hiyo. Nilisimama pale na jua la watu likiniwaka utosini, nikasema jina langu kamili kama mtu anayejibu ofisini. Akasema, "Aa." Kisha akauliza kuna nini. Nikamwomba amwambie afisa yuko wapi. Na Nduku, kwa kile Kiingereza chake safi alichofundishia darasani, akamwambia yuko kazini Nairobi, mzima kabisa, hajawahi kufika huko wala hakupanga kwenda. "Na yeye anajua," akaongeza, akakata.

Kiingereza basi zima lilikuwa linakielewa.

Askari akanirudishia simu kwa mikono miwili, yule yule aliyekuwa hana huruma. Ivana akafuta jina la kumi na nane kwa kalamu, taratibu, akanyoosha mstari vizuri. Nilipopanda hakuna aliyenitazama na hakuna aliyelalamika, ingawa kwa ajili yangu walikosa mashua ya kuwapeleka kwenye kisiwa kidogo chenye kanisa, na wengine walikuja kwa ajili ya hiyo mashua tu. Wangenitukana ningepona haraka. Bibi Mjerumani akaja akatoa koti langu kwenye kile kiti, akakaa, akanyoosha goti lake mpaka tulipofika. Mji wenyewe siwezi kuwasimulia. Una mawe, una makanisa, una paka wengi mno. Chakula cha mchana niliwekewa sahani mbili maana nililipia mbili, na kijana wa mezani akauliza kama asubiri kuleta supu ya pili. Nikamwambia asisubiri, hakuna anayekuja. Lilikuwa jibu langu la kwanza la ukweli siku ile nililolitoa bila kusukumwa na askari, na supu ikanishinda.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha, na badala ya kuzaa nikazidi kukauka. Nikiwa kwenye ndege nikaweka nadhiri kwamba mtu akiniuliza fulani yuko wapi nitataja alipo, na kama sijui nitasema sijui, na nadhiri hiyo nimeishika kiasi kwamba siku hizi bosi akipiga simu asubuhi namwambia niko kitandani. Ananiona sina adabu.

Lakini ilibaki Jumapili. Niliingia kwa Mama Furaha nikiwa nimekariri maneno tangu nyumbani. Akanidaka mlangoni, anachungulia nyuma yangu.

"Shemeji! Na dada yetu?"

"Hayuko njiani, mama," nikasema. "Hakuwahi kuwa njiani."

Mtu akazima jiko. Mama Furaha akaketi polepole, akafuta mikono kwenye kitenge, na nilingoja alie au anitukane, kwa maana kiburi chake nacho kilikuwa ndani ya yale maombi ya miaka mitatu.

"Eish," akasema. "Sasa sisi tulikuwa tunamuombea nani?"

Nikamwambia tu kwamba nyumba yangu ni kimya sana, kwamba nyakati nyingine naacha redio ikizungumza nikienda kazini ili nikirudi nikute mtu anaongea. Sikuwa nimepanga kusema hayo. Akasimama, akaniwekea mkono kichwani, mkono mzito wenye harufu ya mafuta ya nywele, wengine wakasogea, wakafumba macho.

"Baba," akaanza, kwa ile sauti yake ya kuamsha ghorofa, "leo tunakuletea huyu mutoto yako, tunakuletea…"

Akakwama. Nikafumbua jicho moja nikaona na yeye amefumbua.

"Shemeji," akaninong'oneza, "jina yako njo nani?"