Albamu ya Saba ya Sithwathwa

Kwenye mlango wa kibanda chake cha viatu, pale Eshowe, mzee Mchunu aliandika kwa chaki albamu saba za Sithwathwa, mpiga gitaa wa maskandi, muziki wa Wazulu, akianza na iliyo bora. Mbele ya ile ya saba aliandika: "Takataka." Miaka mitano amegombana na wateja juu yake, na kumbe alisikiliza nyimbo mbili tu akaizima.

Jumamosi mkewe, MaZondi, akaiweka, akaiacha iendelee. Wimbo wa nane ukafika pale ambapo, kwa desturi ya maskandi, mwimbaji huacha kuimba na kuusifu ukoo wake mbiombio. Sithwathwa hakuusifu ukoo wake; alisema:

"Mchunu wa Eshowe! Ulinivisha viatu nikiwa peku, hata jina hukuniuliza!"

Sindano ya kushonea viatu ikamponyoka Mchunu. Akamkumbuka mpita njia mwenye gitaa mgongoni, ambaye yeye alimpa viatu vilivyosahauliwa na mteja.

"Yule… ndiye yeye?"

"Na ulivyomtukana!" MaZondi akasema. "Haya, ipandishe iwe ya kwanza."

Mchunu akafuta "Takataka" kwa kiganja, machozi yakimlengalenga.

"Ya sita," akasema. "Gitaa bado bovu."