Senti ya Juu ya Bati

Jumamosi iliyopita, sokoni Singida mjini, mama mmoja muuza asali alifunua ndoo yake ya nta mbele yangu, nikasahau kilichonipeleka. Nilisimama nikinusa tu, mpaka akaniuliza, "Dada, unanunua au unashiba kwa pua?" Nikacheka, nikanunua bonge ambalo sikuwa na kazi nalo. Kwangu mimi, harufu ya nta ni harufu ya vidole vya babu yangu, siku ya kufungua kibuyu.

Nililelewa kijiji cha jirani na Nduguti, kwenye nyumba yenye wajukuu wengi na kuku wengi zaidi. Babu alikuwa na senti za zamani, zile za wakoloni zenye tundu katikati. Mjukuu akizaliwa, alichagua moja na kutangaza, "Hii ni ya huyu." Hukukabidhiwa mpaka uwe mtu mzima. Kabla ya hapo senti yako ililala ndani ya kibuyu chake, na kuwa na senti mle ndani ndiko kulikokufanya ujione mjukuu kamili.

Ulinzi wenyewe, jamani, mtu angeweza kuuonea wivu. Kila senti ilikaa peke yake ndani ya ganda kavu la hindi, limefungwa kwa uzi wa katani wenye fundo lake, ili kila mtoto alijue la kwake. Chini ya kibuyu babu alitia vipande vya mkaa mkavu vinywe unyevu, na mdomo aliuziba kwa nta. Hakukiweka sakafuni kwa kuogopa mchwa, wala jikoni kwa ajili ya moshi na chumvi. Kilining'inia chumbani kwake, mahali ambapo hata paka hakuruhusiwa.

Alikifungua mara moja kwa mwaka, kiangazi, alizeti ikishavunwa na hewa imekauka. Tulinawa kwa sabuni, tukajifuta mpaka viganja vikauke kabisa, ndipo tukaruhusiwa kushika senti zetu, tena ukingoni tu. Binamu yangu mmoja aliomba aisugue yake kwa majivu ing'ae kama sufuria ya sikukuu. Babu nusura azimie.

"Hiyo rangi ndiyo ngozi yake," alisema. "Ukiisugua unaichuna."

Sasa, mwaka mmoja siku hiyo iliangukia wakati baba mdogo Yona anaezeka kibaraza. Baba mdogo alikuwa mwepesi wa mikono kuliko kichwa, na namsema hivyo kwa upendo. Mimi nilikuwa nimeshafungua ganda langu mkekani, babu akainuka kwenda kumpokea mgeni, nami nikakimbilia kumletea mgeni kigoda. Baba mdogo aliishiwa washa, vile vibati vya duara vya kuweka chini ya vichwa vya misumari. Akashuka, akaona kitu cha duara chenye tundu, akapanda nacho.

Babu alirudi nyundo ikimalizia.

"Yona, umepigilia nini hapo?"

"Washa, baba. Imekaa sawasawa kabisa!"

Nilipiga ukelele kuku wakatawanyika. Baba mdogo, jasho likimtoka, akageuza nyundo ang'oe msumari, lakini babu akamzuia. "Acha! Ukiing'oa kwa nguvu utaikata. Iache hapohapo."

Nikalia nipewe nyingine. Babu akakataa katakata. "Yako ipo, mama. Iko kazini."

Kazini! Nilichukia neno hilo. Kila kiangazi nilifungua ganda tupu mbele ya wenzangu na senti zao, kisha babu akalifunga upya kwa fundo langu na kulirudisha kibuyuni, eti lisubiri. Niliumia sana. Niliamini kabisa kwamba mimi ndiye mjukuu ambaye mali yake haikuwa na thamani ya kulindwa.

Na kila kiangazi, baada ya kuziba kibuyu, babu alichukua nta iliyobaki, akaiyeyusha na ulimbo, akaegemeza ngazi kibarazani na kupanda. Bibi alituambia anaziba panapovuja, nasi tukaridhika. Hata magoti yalipoanza kumsumbua, alipanda. Baba mdogo aliomba amsaidie, akaambulia kushika ngazi. Masika yakija, bibi aliweka beseni lake palepale pa siku zote, upande wa pili wa kibaraza, matone yakilia usiku kucha. Sikuwahi kujiuliza.

Babu alishatutoka siku nyingi. Mwaka jana tuliamua kubadilisha mabati ya bibi, nami nikasafiri kwenda. Mbao zilikuwa zimeoza, misumari ilitoka na mabati, mingine imeliwa na kutu hadi vichwa vinavunjika vidoleni. Nikatafuta wangu. Nilikuta bonge jeusi la nta, gumu, tabaka juu ya tabaka. Nikalibandua kwa kucha polepole. Ndani yake senti yangu ilikuwa na rangi ileile niliyoiacha nayo mkekani.

Nikakagua mabati yote. Hapakuwa na msumari mwingine wenye hata tone la nta, hata kwenye ile sehemu ya juu ya beseni la bibi, iliyovuja miaka yote.

Nilikaa kwenye kigoda nikalia kama siku ile, bibi akadhani nimejikata na bati. Nilipomwonyesha, alitabasamu tu, akaingia chumbani, akatoka na kibuyu. Ganda langu lilikuwemo, na fundo lake.

Niliitia senti gandani, nikalifunga mwenyewe. Senti za wenzangu babu alizitunza akiwa ameketi mkekani. Ya kwangu aliipandia ngazi.