Koti la Marehemu Jukwaani

Nilipomaliza eda nilirudi kufundisha fasihi katika chuo chetu cha ualimu, Usagara. Somo lililokuwa likinisubiri lilikuwa michezo ya kuigiza ya Waingereza wa kale, enzi ya wafalme wao na tauni. Nilifundisha vizuri tu. Niliwaeleza wanachuo kwamba London walicheza mchana, juani. Kwamba wenye pesa kidogo walitazama wamesimama, wakitafuna njugu. Kwamba wanawake waliigizwa na wavulana. Nikawaeleza na habari ya mavazi. Bwana mkubwa akifa aliwaachia watumishi nguo zake, nao, kwa kuwa hawakustahili kuzivaa, wakawauzia waigizaji. Kwa hiyo mtu angeweza kwenda kutazama mchezo akaliona joho la marehemu anayemjua likitembea.

Darasa likacheka. Mimi nilitazama saa.

Wakatunga mchezo wao, wa mfanyabiashara wa London aliyekufa kwa tauni. Kijana aliyepewa nafasi hiyo akanifuata ofisini.

"Mwalimu, tumekosa koti. Joto hili la Tanga, nani ana koti zito?"

Nilikuwa nalo. Mume wangu alikuwa dereva kule milimani Amani, kwenye ukungu na baridi. Nililitoa kabatini, nikalikung'uta vumbi, nikampa. Sikulinusa.

Siku ya mchezo tulialika jamaa na majirani. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Tongoni, akakaa mbele. Tangu msibani alikuwa na kinyongo nami, maana watu walimwambia mkwewe hakudondosha chozi.

Mfanyabiashara alipotokea, mama mkwe alisimama.

"Yule nani?"

Wakamnyamazisha. Hakukaa. Alisimama hivyo hivyo, ushungi umemwangukia mabegani, mpaka mfanyabiashara akafa na wenzake wakambeba.

Watu walipotawanyika nilimwendea.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Umetoa koti la mwanangu lichezewe?"

"Ndiyo, mama."

"Moyo wako umekufa?"

"Sijui. Nikipika sisikii harufu. Nikilala sioti. Watu wakinipa pole, nasema ahsante."

Akamwita yule kijana. Alikuja akitiririka jasho, akaanza kulivua haraka. Mama akamzuia mkono, akamfunga kifungo cha juu.

"Daima aliacha kifua wazi," alisema. "Nikimwambia, hasikii."

Hapo ndipo alipolia. Nilimshika bega kama muuguzi anavyomshika mgonjwa asiyemjua, nikangoja amalize.

Hakurudi Tongoni siku ile. Alikuja kwangu na koti mkononi, akalitandaza kitandani, akanifuata jikoni. Nilikuwa namenya muhogo.

"Hao Waingereza wako," alisema, "tauni ikizidi walifanyaje?"

"Walifunga kumbi za michezo, mama. Na nyumba yenye mgonjwa waliwafungia wote waliomo."

"Na wazima?"

"Na wazima."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ipite. Waliosalia wakafunguliwa. Michezo nayo ikaanza tena."

"Wakaenda kutazama?"

"Walijaa."

Nilidhani ataniuliza kwa nini sikulia msibani. Akachukua kisu mkononi mwangu.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Nitamenya mimi."

Nikakaa.