Waya Niliokataa Kuachilia

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya mapema mwaka 2008 ambayo haijanitoka kichwani, na kila nikiikumbuka damu inanichemka. Nilikuwa msichana bado, fundi wa pili wa kompyuta katika hospitali moja ya binafsi hapa Nakuru. Fundi mkuu alikuwa Bwana Samuel, na kazi yote niliyoijua alinifundisha yeye. Hiyo ni haki yake, siwezi kumnyima.

Tulikuwa na swichi mbili za mtandao, yale masanduku bapa yanayounganisha kompyuta zote za jengo. Zilipangwa moja juu ya nyingine, zikaungwa nyuma kwa waya mfupi mnene, zikafanya kazi kama kitu kimoja. Moja inaongoza. Ya pili inafanya kazi huku ikifuatilia kila kitu, ili ile ya kwanza ikifa, yenyewe ishike usukani. Wakubwa wa ofisini waliiona hiyo ya pili kama mzigo. Nadhani hata mimi waliniona hivyo.

Vurugu za baada ya uchaguzi zilipoanza, Bwana Samuel alikuwa kwao Molo, na barabara ikazibwa kwa mawe. Majeruhi wakaletwa kutoka Kuresoi na kwingineko hadi tukawalaza koridoni. Katikati ya hayo umeme ukapotea, ukarudi kwa kishindo, na swichi iliyokuwa ikiongoza ikaungua pawasaplai, kile kifaa kinachoilisha umeme. Ya pili ikashika. Nikahamishia huko nyaya za maabara na za chumba cha upasuaji, na ile mbovu nikaipeleka mjini ikatengenezwe. Hakuna aliyeniambia asante, nami sikuingoja.

Barabara ilipofunguka Bwana Samuel alirudi, amekonda, hajanyoa ndevu. Mtu wa ofisini akamtania kwamba hospitali imekwenda vizuri bila yeye. Hilo lilimchoma, nilimwona. Akaingia kwenye kachumba ketu ka mitambo, akaichukua swichi iliyotengenezwa, akaiwasha ikiwa peke yake, kisha akaushika ule waya mnene aiunge na mwenzake.

Sasa nisikilize vizuri. Swichi inayorudi huungwa ikiwa imezimwa, ndipo iwashwe. Ikiamka inakuta kuna kiongozi, nayo inakaa chini yake bila kelele. Lakini ukiiunga ikiwa imeshawaka, inaingia ikijiona kiongozi, na mmoja kati ya hao wawili lazima azimike na kuanza upya. Yeye ile iliyotengenezwa alikuwa ameipa cheo cha juu kwenye mipangilio yake, kwa hiyo ambayo ingezimika ni iliyobeba maabara. Na kwenye upasuaji alikuwepo mama mmoja wa Kuresoi, madaktari wakingoja majibu ya damu yake yatokee kwenye kompyuta. Bwana Samuel alijua haya yote. Si ndiye aliyenifundisha?

Niliudaka waya.

"Boss, zima hiyo kwanza, ndio uiunge."

"Achilia. Mimi ndio mkuu hapa, wewe ni msaidizi tu."

"Najua. Lakini kuna mama thieta. Akitoka, nifute kazi."

Akavuta, nikavuta. Niliogopa, sikatai. Sikuachilia. Tulisimama hivyo tukitazamana mpaka muuguzi akachungulia mlangoni kusema majibu yamefika na mama ameanza kuwekwa damu. Hapo Bwana Samuel akaulegeza mkono. Akaizima swichi, akaiunga, akaiwasha. Ikaamka, ikakaa ya pili.

Mwisho wa mwezi nilifutwa kwa utovu wa nidhamu. Nikielekea getini na vitu vyangu, nikamkuta yule mama wa Kuresoi, ambaye muuguzi alikuwa amenionyesha wodini, kwenye benchi la nje, amejifunika leso, anakunywa uji. Hakunijua. Nikamsalimia, nikapita kichwa kikiwa juu.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiwekwa wa pili, jifunze kazi nzima, maana siku ya kuishika haitakupigia hodi. Ukishaishika na kuna mtu roho yake iko hapo, usiiachie kwa sababu mtu amekutajia cheo. Na siku ukiwa mkuu, ukirudi ukute kazi inaendelea, ingia polepole ukae. Usizime nyumba nzima ili uonekane umefika. Watakuita mkaidi. Mimi wananiita hivyo hadi leo, na waya ule ningeushika tena.

Mungu akupe mkono mgumu, mwanangu, na akujalie kumkuta mtu wako nje ya geti, mzima, anakunywa uji wake.