Nyapara Hushika Kwanza

Nyapara wetu aliacha kazi bila kuaga, akaenda Kimana kulima vitunguu. Kontrakta akanitazama kutoka juu hadi chini, kama mtu anayeuziwa mbuzi mgonjwa sokoni. "Basi itabidi wewe," akasema. Hivyo ndivyo nilivyopewa kusimamia kazi yote ya stima katika kiwanda cha chakula cha mifugo kilichokuwa kikipanuliwa Kitengela, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na cheti na viatu vipya. Watu sikuwahi kuwaongoza.

Asubuhi ya kwanza nilitangaza kwamba stima imezimwa, waanze. Hakuna aliyesogea. Fundi mmoja wa Kajiado, mwenye kovu la moto shingoni, akanieleza bila haraka.

"Hapa, madam, mwenye kusema imezimwa ndiye hushika kwanza. Tester zinadanganya; kitaa chake hakiwaki na kumbe stima iko. Na ushike na mgongo wa mkono. Ukishika na kiganja, itakukamata na hutaachilia."

Nikaishika shaba ya waya uliokuwa wazi mbele yetu. Haikuwa na stima, lakini mkojo ulinitoka kidogo kwa woga, na sioni haya kusema. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini, kisha wakafanya kazi. Tangu hapo nilijifunza mbiombio: kusoma michoro, kupanga watu, kutukana kwa sauti nzito, na kutembea na ufunguo wa chumba cha swichi kuu shingoni. Kila asubuhi nilishika kwanza.

Shida ilikuwa mwenye kiwanda. Hakutaka vinu vya zamani visimame hata kidogo tunapozima swichi. Siku moja kontrakta akaninyang'anya ufunguo, akaenda mwenyewe kwenye swichi, akarudi akipangusa mikono.

"Nimezima upande wenu. Haraka!"

Vinu bado vilikuwa vikinguruma. Sikumwamini.

"Basi shika," nikamwambia.

Akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Mikono yake ikaingia mifukoni.

"Mimi niko na watoto," akasema.

Nikatoa tester yangu, nikaigusisha kwenye shaba. Ikawaka. Nilimwita muuaji mbele ya watu wake, nikawaambia mafundi wakusanye vifaa tuondoke. Nilikuwa na hakika watanifuata. Kwani ni nani aliyekuwa akiwashikia shaba?

Walitazama viatu vyao. Kontrakta akaenda tena kwenye swichi, na safari hii vinu vyote vikanyamaza. Aliporudi akamnyooshea kidole yule wa Kajiado. "Wewe ndiye nyapara sasa." Mimi akanionyesha geti.

Fundi yule hakunitazama. Alipangusa mgongo wa mkono kwenye suruali, akaunyoosha kuelekea kwenye shaba. Mimi nilisimama mlangoni, na kwa uchungu niliokuwa nao nilimtakia aanguke. Hakuanguka. Akawageukia wenzake, akawaambia waanze kazi.