Mkono wangu ulitafuta klachi

Leo nusura nimuangushe mama yangu.

Nilikuwa nimembeba kwa skuta mpya, ile ya otomatiki, tukiteremka kutoka Sosiot. Barabara ilikuwa imeloa.

Tukafika kwa ile kona ndugu yangu Kiprono alianguka akafa mwaka jana.

Nikaogopa. Mkono wa kushoto ukafinya klachi, vile nimezoea kwa pikipiki ya gia.

Skuta haina klachi, jamani. Hapo ni breki ya nyuma.

Tukateleza mpaka ndani ya shamba la majani chai.

Mama hakulia. Alinishika bega, akasema polepole, "Kiprono, twende nyumbani."

Mimi ni Kibet.

Sikumrekebisha. Nilisukuma skuta mpaka nyumbani, nikiitikia jina la marehemu.

Wewe ungemwambia?