Toleo la Majaribio na Orodha ya Kuzikana

Shule niliishia darasa la pili, lakini majina ya watu hayanipotei. Humu siyaandiki, sijawaomba wenyewe ruhusa.

Binti yangu wa mwisho ndiye katibu wa chama chetu cha kuzikana hapa Maisaka. Orodha ya kaya aliitunza kwenye kompyuta kuukuu aliyoiwekea mfumo wa Linux, ndani ya kivinjari, kile cha kufungulia mtandao. Aliniambia kina matoleo mawili: thabiti, lililokwisha kukaguliwa, na la majaribio, ambalo mafundi bado wanalitengeneza.

“Wewe umeweka lipi?”

“La majaribio, mama. Mambo mapya yanafika huko kwanza.”

“Na ubovu mpya unafika wapi kwanza?”

Akacheka. “Mama nawe! Kompyuta siyo shamba.”

Alijua nilikokuwa naelekea. Mbegu ngeni ya mahindi naipanda mistari miwili pembeni, niitazame msimu mzima. Katikati naweka ninayoijua.

Jumatatu moja asubuhi toleo lile lilijisasisha, orodha ikagoma kufunguka. Akaweka toleo thabiti, nalo likakataa kusoma vilivyohifadhiwa na lile jipya. Nakala nyingine hakuwa nayo. Hajakaa sawa, akaingia mwanachama mmoja, mama kutoka Nakwa hapo jirani, amefiwa na mume alfajiri ile. Kwetu asiyekuwemo kwenye orodha hachimbiwi kaburi na chama, wala hapikiwi msiba. Na mwenyekiti neno la mdomo halitaki, anataka maandishi.

Binti akatoa boksi la fomu za karatasi, zile za kujiandikishia. Akapekua, jasho linamtoka.

“Hayumo, mama.”

“Unatafuta jina gani?”

“La ubatizo.”

“Hukulipata kwa sababu marehemu hakulitumia. Tafuta la nyumbani, alilopewa na babu yake kule Mbulu. Siku ya kujiandikisha nilikaa naye benchi moja, nikamsikia akilitaja.”

Fomu ikaonekana, na alama ya dole gumba chini. Yule mama akaishika kwa mikono miwili. Mwenyekiti aliikubali. Vijana wakaenda na majembe, sisi na masufuria.

Wiki iliyofuata tuliandika orodha upya kwenye toleo thabiti, mimi nataja, yeye anaandika, kila mtu na majina yake yote mawili. Akatoa na nakala ya karatasi. La majaribio hakulifuta, analitumia kwa mambo yake mwenyewe. Tulipofika kaya ile ya Nakwa aliniangalia, nikamtajia jina la mjane, maana kaya sasa ni yake.